Cha juu kilichozima injini ya mjomba

Wiki iliyopita niliahidi kwamba leo tungemalizana na wale jamaa wanaochangia harusi kwa mdomo mtupu. Naomba mnisamehe, hiyo mada naiweka kiporo. Leo nina langu la moyoni, na nisipolitoa litanikaba koo. Ni habari ya betri.

Usikimbilie ukurasa wa michezo kwanza! Hata kama hujawahi kushika bisibisi maishani, mradi unanunua betri ya pikipiki, ya alamu, ya sola au ya kitu chochote kinachotakiwa kustuliwa ndipo kiwake, hii inakuhusu. Mimi niliingizwa mjini mchana kweupe, na mlango niliufungua mwenyewe.

Nina mjomba wangu, kaka yake mama, anakaa Temeke. Alikuwa fundi mitambo mpaka alipostaafu. Wenzake walipostaafu walinunua daladala, wengine wakaongeza mke. Yeye alirudi nyumbani na sanduku la bati, ndani yake kuna ndege. Ndege kweli, siyo ya karatasi! Mabawa yake ukiyapima yanapita mita moja, yameundwa kwa mbao za balsa ambazo ni nyepesi kama sponji. Puani ina injini ndogo ya chuma, ukiifumbata mkononi haionekani.

Ndege ile haina rimoti. Inafungwa kwenye nyaya mbili nyembamba za chuma, urefu wake kama mita 18. Anayeirusha anasimama katikati ya uwanja na mpini mkononi, ndege inamzunguka. Akiinua mpini inapanda, akiuinamisha inashuka, na yeye anageuka nayo kama pia. Mtindo huu ulivuma Marekani miaka ya 1940 kupitia bwana mmoja aitwaye Jim Walker. Kwetu Temeke ulivuma kupitia mjomba. Wakati tunakua, hiyo ndiyo ilikuwa sinema yetu ya Jumapili, tena ya bure.

Halafu mjomba akapata kiharusi. Mungu mkubwa, alipona, lakini mkono wa kulia ukabaki umelegea. Sasa injini zile hazina kiki wala ufunguo. Unaikamata propela unaichapa kwa kidole au kwa kijiti, tena na tena, mpaka ishike. Ikishika, mizunguko 8,000 kwa dakika si ajabu, na propela haina urafiki na kidole cha mtu. Mjomba ana alama mbili za kumkumbusha, kwa hiyo haruhusu mtu mwingine aichape. Basi ndege ikalala sandukuni miaka.

Kitu kimoja tu kingeweza kuiamsha: stata. Siyo ile ya gari, ni ya mkononi. Ni mota ya volti 12, nene kama chupa ya soda, mbele ina kikombe cha mpira. Unakibana kile kikombe kwenye pua ya propela, unabonyeza swichi, mota inaizungusha injini mpaka inawaka. Mjomba anayo siku nyingi. Ilikosa betri tu.

Mwezi uliopita akaniita.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba," akaniitikia. Kwetu mjomba na mpwa wake huitana hivyo hivyo, msishangae. Akafungua kikopo cha kahawa, akatoa noti sita za elfu kumi kumi. Pesa ya pensheni hiyo, inanuka kahawa. "Kaninunulie betri ya volti 12. Nzuri, ya kubebeka, maana uwanjani hakuna umeme. Nataka Jumapili watoto wa mtaa waisikie ndege, kabla mimi mwenyewe sijasahau inavyolia."

Nikasema sawa mjomba, usitie shaka. Mimi si mtoto wa mjini?

Nikaenda zangu mitaa ya Kariakoo. Duka la kwanza, betri mpya ya pikipiki, shilingi elfu 55, na risiti juu. Duka la pili, kijana mmoja mchangamfu, meno thelathini na mawili yote nje: "Karibu mrembo, volti 12 ipo, chukua kwa elfu 35." Betri nyeusi ya mraba, inang'aa kama imepakwa mafuta. Nikamwuliza, mbona rahisi? Akachomoa mita yake, akaigusisha kwenye vichwa vya betri. Kioo kikaandika 12.7. "Ona mwenyewe dada'angu. Mtu anadanganya, mita haidanganyi."

Wapenzi wasomaji, hapo ndipo shetani aliponivuta sikio. Sitini toa thelathini na tano, inabaki ishirini na tano. Mjomba ametaka volti 12, hizi hapa ni 12, tena na chenji. Kuna ubaya gani mtu kujilipa cha juu kidogo kwa nauli na jua la Kariakoo? Risiti sikudai, maana risiti ingesema ukweli. Nikapitia saluni, nikasuka rasta za kufika mgongoni. Nikatoka pale najiona.

Jumapili uwanja wa shule ulijaa. Watoto kama arobaini hivi, na wazee wawili watatu waliomjua mjomba enzi zake. Mjomba kavaa shati la kupiga pasi, kaletewa kiti. Akachanganya mafuta ya ndege mwenyewe kwa mkono wa kushoto: methanoli sehemu nne, mafuta ya nyonyo sehemu moja. Ndiyo, nyonyo hii hii ambayo bibi alikuwa anatunywesha kwa nguvu! Ndiyo inayolainisha chuma. Methanoli ni sumu na moto wake mchana hauonekani vizuri, kwa hiyo watoto wakasogezwa mbali.

Akafunga kibetri kimoja kidogo cha volti 1.5 juu ya plagi. Plagi ya injini hii haitoi cheche kama ya pikipiki. Ina kiwaya kama sindano ya glopu, kinawekwa chekundu na umeme mdogo wakati wa kuwasha tu. Injini ikishika unachomoa, na joto lake lenyewe linaendelea kukiwasha kile kiwaya. Mtindo huo aliuingiza sokoni Mmarekani Ray Arden mwaka 1947. Mjomba akanionya nisije nikaunganisha volti 12 pale, plagi ingekatika papo hapo.

Kisha stata. Akaibana, akabonyeza.

Nguuu... ngu.

Ikasimama. Akabonyeza tena. Ngu. Mara ya tatu hata ngu haikusikika. Katoto kamoja kakapaza sauti, "Babu, ndege yako inakoroma!" Uwanja mzima ukacheka. Mjomba naye akacheka, lakini mimi namjua. Kicheko kile hakikufika machoni.

Akatoa mita yake ya zamani. Betri ikasoma 12.4. Nikashusha pumzi, nikajua tatizo ni stata. Akaniambia, "Shika hapa, usiachie." Akabonyeza swichi huku mimi nimeshikilia mita. Ile namba ikaporomoka mpaka 6, akaachia, ikapanda tena taratibu kwenye 12 na ushee.

"Umeinunua shilingi ngapi, mjomba?"

"Sitini," nikasema.

Akanitazama. Akazitazama nywele zangu. "Umependeza," akasema, akaanza kurudisha ndege sandukuni.

Nyie acheni tu. Nilitamani ardhi ipasuke. Laiti angenitukana!

Jumatatu asubuhi nikaibeba ile betri mpaka dukani. Yule kijana mchangamfu siku hiyo hana hata jino moja nje. "Mali ikitoka dukani hairudi, dada. Una risiti?" Ningeipata wapi? Nikaenda kwa fundi pikipiki mmoja pale mtaani kwetu. Huyu alifundishwa ufundi na mjomba tangu yuko darasa la sita, na ndege ile ameirusha sana. Akaipindua betri mara moja tu.

"Hii imetolewa kwenye UPS ya ofisi, imechoka, ikasafishwa. Tazama ubavu umetuna. Tarehe ya kiwandani imekwanguliwa. Wamekuchezea usanii."

"Lakini mita ilisema 12.7!"

Akacheka, akaniwekea kibao. Aliyonifundisha siku hiyo nayaandika hapa, mkate mkaweke akibani.

Volti ni sawa na urefu wa mnara uliobeba tenki la maji. Ampia ni maji yanayotoka bombani. Unaweza kuwa na mnara mrefu kuliko wote mtaani, lakini bomba likiwa jembamba kama mrija wa soda, ndoo itajaa kesho. Betri iliyochoka mnara wake uko pale pale, bomba ndilo limeziba. Mita ya dukani inapima mnara huku hakuna aliyefungua bomba. Ndiyo maana haikudanganya, na mimi bado nikaibiwa.

Akanipa mfano mwingine. Chukua betri nane za tochi za volti 1.5, zipange moja nyuma ya nyingine. Unapata volti 12 kamili. Unganisha kwenye stata uone, itaguna tu. Stata ya namna ile ikianza kuisukuma injini inaweza kunyonya ampia 30 au 40 kwa zile sekunde chache. Betri ya tochi haikuumbwa kwa shughuli hiyo.

Na ile "7Ah" iliyoandikwa ubavuni nayo usiisome haraka. Saba ile kwa kawaida hupimwa kwa kuitoa betri polepole, ampia 0.35 kwa saa 20. Ukiikamua kwa pupa hupati zote. Kwa hiyo namba ile inakuambia tenki ni kubwa kiasi gani, haikuambii bomba ni nene kiasi gani.

Nikamwuliza, sasa kwa stata ya mjomba tuchague ipi? Akahesabu kwa vidole.

Betri ya gari inaweza, tena sana. Lakini ni kilo kumi na zaidi, na ya maji ikilala inamwaga tindikali. Utaibeba wewe mpaka uwanjani na rasta zako?

Betri ya UPS au ya alamu, volti 12, 7Ah, ni kilo mbili na kitu, imefungwa, haimwagi. Wanaorusha ndege hizi wameitumia miaka mingi kwa stata. Ikiwa mpya na nzuri inatosha kabisa. Shida ni zile zilizokwishafanya kazi ofisini miaka mitatu, zikastaafishwa, zikarudi mjini na sura mpya.

Betri ya sola imetengenezwa kutoa umeme kidogo kidogo usiku kucha, wala si kazi yake kusukuma mzigo kwa kishindo.

Betri ya lithiamu, hizi za chembe tatu, ndiyo nyepesi kuliko zote. Imeandikwa volti 11.1, ikijaa inafika 12.6. Ukiona 2200mAh na 30C, zidisha 2.2 kwa 30, unapata ampia 66 kwa maandishi. Kwa maandishi, maana ile namba ya C mara nyingi imetiwa chumvi. Nayo ina masharti kama mganga. Inataka chaja yake maalumu inayosawazisha chembe, chembe isishuke chini ya volti 3, ikivimba usiiguse tena, na usiichaji ukalala. Ikishika moto haina mswalie Mtume.

"Na hii?" Akanionyesha betri kavu ya pikipiki, 12V 7Ah. "Hii kazi yake ni kustua injini kila asubuhi. Haimwagi, inabebeka, na kila mtaa wenye bodaboda inapatikana. Mimi ningechukua hii."

Kisha akanifundisha namna ya kuijaribu kabla pesa haijatoka mfukoni. Nenda na glopu ya taa ya mbele ya gari, ya wati 55, yenye nyaya mbili. Mwambie muuzaji aiwashe kwa betri unayotaka kununua, na mita iwe imeshikwa hapo hapo. Glopu ile inakula ampia 4 na nusu hivi. Hesabu dakika moja. Betri nzima iliyojaa inashuka kidogo halafu inatulia, isiende chini ya 11.5. Ikiwa inateremka kama mtu anayeshuka ngazi, mrudishie mwenyewe, sema ahsante, ondoka. Muuzaji akikataa kuwasha taa, amekwisha kujibu.

Tulipoijaribu ile yangu ya elfu 35, dakika haikuisha. Taa ikawa nyekundu kama kaa la mkaa, mita inasoma 9.

Hayo ndiyo ya betri. Yangu mimi yalikuwa bado.

Nikamfuata mhariri wangu, nikamlilia anipe malipo ya makala mbili za mbele. Kwa hiyo hii unayoisoma ilikwisha kuliwa kabla haijaandikwa! Nikaenda duka la kwanza, lile lenye risiti. Nikabeba glopu yangu kama kichaa, wakaiwasha, dakika ikapita, mita imetulia kwenye 12.1. Nikalipa elfu 55, nikaongeza waya mnene, maana waya mwembamba unapata moto na kuziba bomba kwa upande wa pili.

Jioni nikafika kwa mjomba. Nikaweka betri mezani, risiti juu yake, na elfu 5 iliyobaki ya sitini yake. Nikamwambia yote. Duka la pili, thelathini na tano, saluni, na ule uongo wa uwanjani. Nilisema nikiwa nimeinamia sakafu.

Akanyamaza muda. Kisha akasema, "Betri ya elfu sitini ina risiti, mjomba. Nilijua tangu uwanjani. Nilikuwa nasubiri kuona kama una volti tu, au na ampia nazo zipo."

Nikalia. Akaniambia niache kulia, nikaweke maji ya chai.

Jumapili iliyofuata tukarudi uwanjani. Safari hii watoto walikuwa wengi zaidi, wamekuja kumcheka babu anayekoroma. Yule fundi pikipiki akakagua kwanza kama hakuna nyaya za umeme karibu, maana zile za ndege ni chuma na zikigusana ni msiba. Akasimama katikati na mpini. Mimi nikaishika ndege kwa nyuma. Betri tukaiweka mbali na kopo la mafuta. Nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi. Ukizikosea, stata inazunguka kinyume.

Mjomba hakutaka mtu aishike stata. Akaibana mwenyewe kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia akauegemeza juu kama mtu anayembariki mtoto. Akabonyeza.

Sekunde moja, mbili. Ikaunguruma! Moshi mweupe wenye harufu ya nyonyo ukatupiga usoni. Mjomba akachomoa kibetri cha plagi, akapeleka mkono nyuma ya propela, akakaza sindano ya mafuta mpaka mlio ukawa mwembamba. Akanipa ishara kwa kichwa. Nikaachia.

Ilizunguka dakika tano hivi mpaka mafuta yakaisha, ikatua kwenye nyasi bila kuvunjika. Watoto walikimbia mpaka wakaishiwa pumzi. Sikuitazama sana ndege. Nilimtazama mjomba kwenye kiti chake, kafumba macho, anasikiliza.

Kabla sijaondoka, mambo matatu ya kuitunza betri yako. Usiilaze ikiwa tupu, betri ya risasi ikikaa na njaa inaganda ndani na haifufuki vizuri, kwa hiyo ijaze siku hiyo hiyo. Usiipeleke kwenye chaja kubwa ya gereji, betri ya 7Ah inatosha kulishwa ampia moja tu hivi kwa saa kadhaa. Na hata kama huitumii, ikumbuke kila baada ya miezi miwili au mitatu, kama unavyomkumbuka mjomba wako.

Ile ya elfu 35 nilimwachia fundi. Ameifunga kibandani kwake, inawasha kitaa kidogo cha usiku. Kazi ndogo inaiweza.

Rasta nimezifumua. Wiki ijayo, panapo majaliwa, tunarudi kwa wale wachangiaji wa mdomo. Wajiandae, nitakuja na glopu yangu.